Tatu Mara Nne Darasani kwa Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesimama?

Akae!

Aliyekaa?

Asogee, mwenzake apate nafasi!

Haya. Sasa tumekaa sote, mkubwa na mdogo, na hakuna anayetazama mlango. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapeleka watoto wao shule, palikuwa na shule moja kando ya kinamasi. Haikuwa na ukuta. Haikuwa na paa. Ilikuwa na gogo refu la kukalia, na mbele ya gogo palikuwa na tope laini, jeusi, la kuandikia. Nyuma ya tope yalikuwa matete. Mwalimu wa hesabu alikuwa Korongo.

Korongo aliipenda hesabu. Aliipenda kama wengine wanavyopenda asali. Asubuhi alihesabu vyura kabla ya kuwala. Wakiwa saba, alikula watatu, akawatazama wanne waliobaki, akaona raha. Jioni akiruka kurudi kiotani alihesabu mapigo ya mbawa zake mwenyewe, akayapanga kumi kumi, na yakigawanyika bila kubaki alitua akiwa ametulia moyo. Hakumwambia mtu jambo hili. Alidhani kila kiumbe hufanya hivyo.

Akiingia darasani alikunja mguu mmoja, akasimama kwa ule mwingine, akaandika topeni kwa mdomo. Cho! Cho! Cho!

"Tatu mara nne?"

Kimya.

"Tatu mara nne?"

Kimya. Nzi akapita. Zzzzz.

"Wewe, Kiboko."

"Tisa, Mwalimu."

"Sivyo. Simama kwa mguu mmoja."

Shule hiyo ilikuwa na kiboko mmoja tu, naye alikuwa mwanafunzi. Korongo hakuwahi kumchapa mtu. Aliyekosa alisimama kwa mguu mmoja, basi. Kiboko akainua mguu wa kwanza. Akainua wa pili. Akayumba huku, akayumba kule, akajaribu wa tatu. Pwaa! Tope likaruka hadi kwenye masikio ya waliokaa mwisho wa gogo.

"Mwingine," akasema Korongo. "Tatu mara nne?"

Ndivyo lilivyokwenda somo, leo hivyo, kesho hivyo. Na wanafunzi wakaanza kupungua. Mwanzo walikuwa ishirini na wanne. Wakawa kumi na wanane. Wakawa kumi. Saa ya nyimbo gogo lilijaa. Saa ya hadithi gogo lilijaa. Ikifika saa ya hesabu, huyu tumbo linamuuma, yule mwiba umemchoma, na Nguchiro alikuja na uso wa huzuni.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Bibi yangu amefariki."

"Pole," akasema Korongo. "Huyu ni bibi wa tano tangu masika yaanze."

"Ndiyo, Mwalimu. Tumepata msiba mkubwa."

"Kila mnyama ana bibi wawili, Nguchiro. Mmoja wa upande wa mama, mmoja wa upande wa baba."

"Hizo ni hesabu, Mwalimu. Sisi tuko kwenye msiba."

Akaenda zake. Korongo akamtazama akipotea kwenye majani. Hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyekaribisha wageni kwa chakula kizuri akawaona wanatemea pembeni.

Siku ya Jumatatu akaja Mwalimu Mkuu, Mama Nyati. Alikuja polepole, kwato zikikanyaga du, du, du.

"Hujambo, Mwalimu Korongo?"

"Sijambo. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu, wazazi wamenijia. Wanasema watoto wakilala huota namba zinawafukuza. Mama Digidigi anasema mwanawe hataki tena hata kuhesabiwa ndugu zake. Nifanye nini?"

Korongo akabadilisha mguu.

"Sikufukuzi," akasema Mama Nyati. "Ila saa ni saa, haikai bure. Ijumaa nitakuja. Nikikuta gogo halina mtu, saa yako nitampa Kasuku aongeze nyimbo. Wewe utabaki kutuhesabia siku za sikukuu."

"Nimesikia, Mama."

Du, du, du, akaondoka. Korongo akabaki amesimama mbele ya tope. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba. Alikuwa na saa ile moja. Kwa siku tano saa ile ilikuwa mara tano, na mara ya tano ilikuwa Ijumaa.

Basi Jumanne ikafika. Gogoni walikaa watatu. Kiboko alikuwapo, kwa sababu mama yake alikuwa ndani ya maji pale karibu akimwona. Ngiri alikuwapo, kwa sababu alikuwa amelala toka somo la kabla. Na alikuwapo Pimbi, binti mdogo wa kule mawe makubwa, ambaye hakuwahi kujibu swali lolote na hakuna aliyejua kwa nini haji na visingizio kama wenzake.

"Tatu mara nne?" akauliza Korongo.

Kimya.

"Pimbi."

Pimbi akasimama. "Saba, Mwalimu."

Siku nyingine Korongo angesema, Sivyo, mwingine. Lakini akatazama kulia, akamwona Ngiri amelala. Akatazama kushoto, akamwona Kiboko anajificha nyuma ya pua yake mwenyewe. Mwingine hakuwapo. Ndipo akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtoto tangu aanze kufundisha.

"Saba umeipataje?"

Pimbi akashangaa. "Si umesema mwenyewe, Mwalimu? Walikuwapo watatu. Wamekaa zao. Mara! Wanne wakatokea. Watatu na wanne, saba."

Korongo akamtazama Pimbi. Kweli, ndivyo hadithi zinavyosimuliwa. Watu wamekaa, mara simba akatokea. Mara mvua ikanyesha. Miaka yote alikuwa anasema mara, na miaka yote kuna mtoto kwenye gogo alikuwa anasubiri kitu kitokee.

"Hao wanne," akauliza taratibu, "walitokea wapi?"

"Kichakani."

"Ni akina nani?"

"Fisi."

"Na wale watatu waliokaa?"

"Mbuzi." Pimbi akafikiri kidogo. Uso ukambadilika. "Aa. Basi, Mwalimu, nimekosea. Si saba."

"Ni ngapi?"

"Wanne. Wamebaki fisi tu."

Kiboko akacheka. Akacheka mpaka gogo likatikisika, Ngiri akaamka, akauliza "Kuna nini? Kuna nini?" na Korongo naye, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, akafungua mdomo wake mrefu ukagonga kwa-kwa-kwa-kwa-kwa! Mama Kiboko akainua kichwa majini kuona kumetokea nini.

Kicheko kilipoisha, Pimbi akainua mguu wa mbele, akainua wa pili, akaanza kuyumba.

"Unafanya nini?" akauliza Korongo.

"Nimekosea, Mwalimu. Natumikia adhabu."

"Adhabu gani?"

Wote watatu wakatazamana. Kiboko ndiye aliyesema. "Mwalimu, kwani kusimama kwa mguu mmoja si adhabu?"

"Adhabu!" akasema Korongo. "Mimi nalala hivi. Nikiwa na jambo gumu nasimama hivi, linakuwa jepesi. Niliona mmekwama, nikataka mfikiri vizuri."

"Sisi tunafikiri tusianguke tu, Mwalimu," akasema Kiboko.

Korongo akautazama mguu wake mmoja. Akateremsha wa pili, akasimama kwa yote miwili mbele ya darasa. Akaona ugeni, lakini hakuanguka. "Pimbi, kaa chini, mwanangu," akasema.

Jumanne ikapita. Korongo akarudi kiotani, na safari ile hakuhesabu mapigo ya mbawa. Alikuwa anafikiria mbuzi watatu.

Jumatano walikuwa walewale watatu. Korongo hakuandika kitu topeni. Akamwaga mbegu za ukwaju, rundo zima, kavu, zinang'aa.

"Leo mtaingia kwenye matete," akasema. "Kila mmoja achukue mbegu. Nikisema mara, mnatokea wote watatu mnakimbia, kila mmoja anaangusha mbegu moja hapa topeni, mnazunguka mnarudi matetini. Nikisema mara tena, mnatokea tena."

"Sisi ndio fisi?" akauliza Pimbi.

"Ninyi ndio fisi."

"Na mbuzi?"

"Hakuna mbuzi. Leo fisi wamefunga."

Wakaingia. Matete yakafunga nyuma yao, shwaa.

"Mara!" akaita Korongo.

Wakatokea! Ngiri mbele mkia juu, titi-titi-titi. Kiboko kati, pu-pu-pu. Pimbi nyuma, anaruka. Tu, tu, tu, mbegu tatu topeni. Wakazunguka, wakapotea.

"Mara!" Titi-titi, pu-pu, tu, tu, tu.

"Mara!" Tu, tu, tu.

"Mara!" Tu, tu, tu.

Wakarudi gogoni wanahema. "Watatu mmetokea mara ngapi?" akauliza Korongo.

"Mara nne!"

"Zihesabuni."

Wakahesabu. Moja, mbili, tatu, hadi mwisho. "Kumi na moja," akasema Kiboko.

Korongo akazitazama. Kumi na moja kweli. Zamani angezifuta zote kwa mguu. Sasa akauliza, "Tatu, tatu, tatu, halafu mbili. Mara moja kuna mmoja hakuangusha. Nani?"

Ngiri akatazama juu. Shavu lake lilikuwa limevimba upande mmoja.

"Ngiri," akasema Korongo. "Toa."

Ngiri akatema. Tu! Mbegu ikaanguka kati ya wenzake. Halafu akakunja uso.

"Mwalimu, mbona unatuchanganya?"

"Nimewachanganyaje?"

"Wiki iliyopita ulisema tukitoa, zinapungua. Ukaandika pale, kumi toa tatu, nikasema kumi na tatu, ukaniambia sivyo. Sasa tazama. Zilikuwa kumi na moja. Umeniambia toa. Nimetoa. Zimekuwa kumi na mbili."

Pimbi na Kiboko wakamgeukia Mwalimu. Jambo lenyewe lilionekana wazi pale topeni.

Korongo alitamani sana kukunja mguu. Hakuukunja. "Ulisema kumi na tatu kwa sababu ulidhani nataka uzitoe ulizo nazo, uzilete?"

"Ndiyo. Wewe ulisema toa. Mama akisema toa karanga, natoa mfukoni naweka mezani. Zinaongezeka."

"Umesema kweli, Ngiri," akasema Korongo. "Kosa ni langu. Nilisema toa, sikusema toa wapi. Kwenye hesabu tunatoa kutoka kwenye rundo. Haya, toa moja kwenye rundo."

Ngiri akaokota moja. "Kumi na moja!"

"Irudishe."

"Kumi na mbili!" Akaitoa tena, akairudisha tena, akaitoa, akairudisha, akicheka peke yake, mpaka Kiboko akamwambia, "Basi, Bwana Ngiri, itachoka."

Makelele hayo yalisikika mbali. Na mjue, wale waliotoroka hawakuwa wameenda mbali. Mtoro hupenda kuona anakosa nini.

Alhamisi wakaja walewale watatu, Korongo akaita mara tano. Watatu walipita, titi-titi, pu-pu, Pimbi akaruka. Mbegu zikalia topeni, na Korongo, aliyekuwa amegeuka nyuma ili asiwasaidie, akasikiliza tu.

"Watatu mara tano?" akauliza akiwa bado amewapa mgongo.

"Kumi na tano!" akasema Kiboko kabla ya kuhesabu. Tatu tatu zilikuwa zimemkaa kichwani. Halafu wakahesabu. Wakahesabu tena.

"Kumi na nane, Mwalimu," akasema Ngiri. "Na safari hii sina kitu mdomoni. Angalia. Aaa!"

Korongo akageuka. Kumi na nane. Akasubiri. Kusubiri kulimwia vigumu kuliko kusimama kwa miguu miwili, lakini akasubiri.

Pimbi alikuwa anaizunguka mbegu moja iliyolala kando, halafu nyingine, halafu nyingine. Akanong'ona, "Zimezidi tatu."

"Ndiyo."

"Mwalimu, kuna mtu matetini. Kama ni mmoja, ametupa mara tatu." "Au wako watatu, kila mmoja ametupa mara moja."

"Ni ipi kati ya hizo?"

"Mbegu hazisemi. Zote mbili ni tatu. Itabidi twende tukaangalie."

Kwenye matete pakawa kimya cha ghafla. Hata vyura walinyamaza. Kisha sauti ikasema, "Mimi niliwaambia tusitupe," na sauti nyingine, "Wewe ndiye uliyeanza," na matete yakafunguka. Akatoka Tumbili. Akatoka Digidigi. Akatoka na Nguchiro.

"Pole na msiba, Nguchiro," akasema Kiboko.

"Ahsante. Amezinduka."

Korongo akamtazama Pimbi. Yule mtoto wa saba na fisi alikuwa amewaona watoro watatu bila kuwaona. Korongo alijua kwamba yeye mwenyewe, kwa vyura wote aliowahi kuwahesabu, hakuwahi kufanya hivyo. Hakusema neno la kumsifu. Akamsogezea mbegu.

"Kesho uite wewe," akasema.

Ikafika Ijumaa.

Mama Nyati akaja. Du, du, du. Begani kwake alikaa Kasuku na nyimbo zake tayari, anasafisha koo. Mama Nyati akafika, akasimama, akatazama gogo.

Gogo lilikuwa tupu. Kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, hapakuwa na mtu. Mbele ya gogo alisimama Korongo peke yake.

Mama Nyati akahema. Hakuwa na furaha. "Mwalimu, nilisema."

"Ulisema, Mama."

"Nilisema nikikuta gogo halina mtu."

"Halina, Mama. Ni kweli."

Kasuku akakohoa kidogo. Matete yakatikisika, na hapakuwa na upepo. Sikio moja la Mama Nyati likageuka upande ule.

"Wamo saba," akasema Korongo. "Jana walikuwa sita. Si wengi. Wengine wako nyumbani bado, na sijui kama watakuja. Kabla hujaichukua saa, naomba uwatajie mara ngapi watokee."

"Mimi?"

"Yeyote. Ila leo uko wewe."

Mama Nyati alitaka kusema mara mbili, jambo liishe. Lakini neno lililotoka lilikuwa jingine, nalo lilitoka kana kwamba lilikuwa likingoja mlangoni miaka mingi.

"Mara nane."

"Mara!" ikaita sauti nyembamba ya Pimbi kutoka ndani ya matete.

Wakatokea! Ngiri, Kiboko, Tumbili, Digidigi, Nguchiro, na mtoto mmoja wa Kanga aliyeletwa na kelele za jana, na Pimbi mwenyewe nyuma anaita. Titi-titi, pu-pu, ruka, ruka! Tu-tu-tu-tu-tu-tu-tu! Wakazunguka, wakapotea. Mara! Wakatokea tena. Tope likaruka, likampiga Mama Nyati kwenye pua, hakulifuta. Mara ya tatu. Mara ya nne. Midomo yake ilikuwa inasogea. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Mara ya tano hesabu ikampotea, akatikisa kichwa, akainama karibu na mbegu. Mara ya sita akarudi nyuma ili aone vizuri zaidi. Mara ya saba miguu yake ya nyuma ikagonga gogo. Mara ya nane akakaa.

Wanafunzi wakasimama wanahema. Mama Nyati akazihesabu zote, mbegu kwa mbegu, kwa ncha ya pembe, saba saba, marundo manane.

"Hamsini na sita," akasema.

"Ndiyo, Mama," akasema Korongo.

Mama Nyati akakaa akizitazama muda mrefu.

"Nilipokuwa ndama," akasema, na alikuwa hamsemeshi mtu, "mwalimu aliniambia saba mara nane ni hamsini na sita. Nikaisema. Kesho yake nikaisahau, nikapigwa. Nikaisema tena. Nikaisahau tena. Mpaka leo ikitajwa natoka jasho. Hakuna aliyewahi kunionyesha. Kumbe ndiyo hii." Akasogeza mbegu moja kwa pua yake, akairudisha mahali pake. "Si kubwa kama nilivyodhani."

Kasuku akaona kimya kimezidi. "Mwalimu Mkuu, nianze? Saa inakwenda."

"Ngoja," akasema Mama Nyati. "Pimbi, mwanangu, waite tena. Sasa mara tisa." Kisha akamgeukia Kasuku. "Gogo lina mtu. Huoni nimekaa?"

Basi Korongo akabaki na saa yake. Baadhi ya wanafunzi walirudi, baadhi hawakurudi. Nguchiro hakuja kuipenda hesabu mpaka alipozeeka, ingawa kukimbia matetini alikupenda sana. Korongo hakumlaumu.

Na ninyi mliokaa hapa, ninyi wadogo na ninyi mnaowafundisha, maana ya hadithi hii ndiyo hii. Mtoto akikupa jibu lisilo sahihi, usilifute upesi. Muulize amelipataje, kwa kuwa amelitoa mahali, na mahali hapo ndipo unapoweza kumshika mkono mkatembea pamoja. Na hesabu umpe aione na aicheze kabla hujamtaka aikariri.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, hadithi nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba, na aibebe.